Mita Tatu

Tarehe imebandikwa kwenye friji, chini ya sumaku:
matairi ya misumari yavuliwe kabla Aprili haijaisha.
Lakini hapa Võru theluji bado iko nyuma ya ghala,
donge moja jeusi, kaidi,
kama mgeni aliyeagwa tangu jana
na anajifanya hasikii vikombe vikikusanywa.

Tangu Novemba misumari imetusindikiza kwa sauti moja,
krrr, shuleni,
krrr, sokoni,
krrr, kwenye mazishi ya shangazi Leida, na krrr kurudi.
Sasa barabara iko tupu, na sauti hiyo imekuwa kelele.

Nayatoa ghalani yale ya kiangazi cha juzi.
Nayapiga kofi, vumbi linaruka, buibui anahama.
Nachomeka sarafu ya euro mbili kati ya meno ya mpira:
ukingo wa fedha wote uko nje, unanicheka.
"Yameota kipara," nasema.
"Kama wewe," asema Urmo, miaka tisa,
na baiskeli anaitupa palepale anapoitupa siku zote.

Kwa Kalju, muuza matairi,
kalamu i nyuma ya sikio, kucha nyeusi za miaka thelathini.
Anagonga tairi la kwanza: haya ni ya bei poa,
jina lake hata mimi silitamki.
La pili: kimya, na halina uroho wa mafuta.
La tatu anashusha sauti, kama anataja ugonjwa wa mtu:
haya yanavuma kidogo,
ila kwenye maji yanashika.

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Mimi ni mtu wa bei.
Nimelipa kuni, nimelipa meno ya Urmo;
wasemao rahisi huvunja upishi,
nami nimeshakula mbichi mara nyingi.
Ülle, mke wangu, anataka kimya,
maana mama yake hukaa kiti cha nyuma, masikio mazito,
na kila neno hurudiwa mara tatu
kutoka hapa hadi baharini Pärnu.

Tukabishana mbele ya Kalju, kwa adabu, kwa meno.

Liidia hakuulizwa na mtu.
Ana miaka kumi na saba, kitabu cha udereva mfukoni.
Akasema: "Yanasimama wapi?"

Kalju akachomoa kalamu.
Spidi themanini, lami iliyolowa: haya ya mwisho yanasimama hapa.
Yale ya bei poa, hapa.
Tofauti ni mita tatu.
Kwenye karatasi, upana wa kidole gumba.

Nilirudi nyumbani bila kununua. Nikachukua futi ya chuma,
nikaivuta kutoka bampa ya gari letu refu,
gari la viazi, la mbwa, la hema na mabuti,
sentimita kwa sentimita juu ya changarawe.
Mita moja. Mbili. Mbili na nusu.
Nilipofika tatu nilikuwa nimeshapita
gurudumu la mbele la baiskeli ya Urmo,
na kiti chake,
na kengele.

Liidia alikuwa amesimama barazani.
"Yule paa," akasema.
Juni iliyopita, mvua, njia ya msituni;
tulisimama, pumzi yake ikaacha ukungu kwenye boneti,
na hakuna aliyesema kitu hadi nyumbani.
Nilidhani amesahau. Mimi nilikuwa nimesahau.
"Nilishuka nikahesabu," akasema. "Ilikuwa hatua moja. Yangu."

Kesho yake nikalipa. Manne, si mawili.
Liidia ndiye aliyekaza nati, kwa kukatisha kama inavyotakiwa,
akining'inia kwenye spana kwa uzito wake wote mdogo.

Jumapili tukaenda Pärnu.
Yalivuma kidogo, kweli, kama nyuki ndani ya chupa.
Baada ya misumari, hiyo ilikuwa ni kimya.
Karibu na korongo wa kwanza juu ya nguzo,
Bibi aliinua kichwa kutoka kiti cha nyuma:
"Mbona leo mnanipigia kelele?"